Askari na Uongo wa Huruma: Je, Amri ya Mungu Hupindika?

Miongoni mwa maswali ambayo askari huulizana usiku, lindo likiwa limetulia na chai ingali na moto kidogo, liko moja ambalo halimo katika kitabu chochote cha mafunzo ya kijeshi. Je, liko jambo ambalo ni ovu daima, kila mahali na kwa kila mtu, hata kama kulitenda kungeokoa roho za watu? Au kila jambo hupimwa kwa hali yake, leo likawa dhambi na kesho likawa wajibu? Wahenga wetu hawakutuachia jibu moja. Walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Na wao hao hao wakasema lila na fila havitangamani. Atakaye kuzitumia methali kama ngao ataipata ya kila upande.

Sisi tulilikuta swali hili kwa mara ya kwanza katika chuo cha makadeti. Padre wa jeshi aliyekuja kutufundisha kila Jumatano alichora mlango ubaoni, akaandika upande mmoja neno "asiye na kosa" na upande wa pili neno "panga". Kisha akauliza: "Mwenye panga amekuuliza kama huyo mwingine yumo ndani. Utamjibu nini?" Mwenzetu mmoja, hodari wa kulenga shabaha na mwepesi wa maneno, alisimama wima akajibu, "Afande, nitamwambia ameelekea mtoni." Tukacheka. Padre hakucheka. "Vema," akasema, "umeshasema uongo wa kwanza. Sasa nieleze ni wa ngapi utakaokuwa wa mwisho, na ni nani atakayehesabu." Tukacheka tena, lakini safari hii si kwa sauti kubwa.

Miaka mingi ilipita, na swali likarudi bila ubao. Wakati huo tulikwisha kukabidhiwa kazi ya uhusiano, yaani kuwa mdomo wa jeshi mbele ya raia na waandishi wa habari. Msafara wa magari yetu ulikuwa umeviziwa njiani, na baadhi ya vijana walipoteza maisha. Amri ilikuwa wazi: habari isitolewe hadi majina yahakikishwe na kila familia ipate barua kutoka kwa kamanda. Asubuhi ile alikuja mama mmoja langoni, amevaa kanga iliyopauka, ameshika kitambulisho cha mwanawe cha shule kana kwamba ni hati ya kusafiria. Alitutambua kwa sauti. "Wewe ndiwe unayesema redioni," alisema. "Niambie, mwanangu yu mzima?"

Tulikuwa tumelijua jibu tangu alfajiri. Tukasema, "Mama, mwanao yuko kazini." Akatushukuru kwa mikono miwili, akarudi kwake. Barua ilimfikia siku ya tisa. Mazishini hakutulaumu hata kidogo. Alisema tu kwamba kwa siku tisa alikuwa amemwombea uzima mtu aliyekwisha kufa.

Tangu siku hiyo hatujaweza kulichukua jambo hili kuwa la darasani. Tulianza kusoma, kwa kadiri kazi ilivyoruhusu, na tulishangaa kuona kwamba Wakristo wamelibishania kwa zaidi ya miaka 1,600, na kwamba sehemu kubwa ya ubishi huo ilianzia katika bara letu la Afrika.

Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo inaitwa Algeria, aliandika vitabu viwili juu ya uongo, kimoja yapata mwaka 395 na kingine yapata mwaka 420. Aliugawa uongo katika aina nane, kuanzia ule unaoharibu imani hadi ule usiomdhuru mtu yeyote na tena ukamwokoa mwingine. Baada ya kuzipanga zote, akazikataa zote. Hakusema kuwa ni sawa kwa uzito. La hasha, aliona wazi kwamba anayedanganya kwa huruma si sawa na anayedanganya kwa tamaa. Lakini alishikilia kwamba ndimi tulipewa ili kupeana yaliyomo mioyoni, na kwamba akiruhusiwa mtu mmoja kusema uongo kwa sababu njema, hakuna tena neno la mtu yeyote litakaloaminika, hata neno la Injili.

Alijua pingamizi. Katika kitabu cha Kutoka, wakunga Shifra na Pua walimdanganya Farao wakaokoa watoto wachanga, na Mungu akawatendea mema. Katika kitabu cha Yoshua, Rahabu wa Yeriko aliwaficha wapelelezi wawili juu ya dari lake kisha akawaambia watu wa mfalme kwamba wamekwisha kutoka. Naye anasifiwa ndani ya Agano Jipya. Augustino alijibu kwamba wanawake hao walilipwa kwa ajili ya huruma yao, si kwa ajili ya uongo wao. Jibu hilo lina ukali wake, na tunakiri halikututosheleza tulipolisoma mara ya kwanza, kwa maana huruma ya Rahabu ingewafaa nini wapelelezi wale bila maneno yake? Yohane Kasiano, mtawa wa zama hizo hizo, alikuwa upande wa pili. Katika maandishi yake uongo unafananishwa na mmea wenye sumu ambao tabibu humpa mgonjwa mahututi: mzima akiunywa hufa, aliye karibu kufa huenda ukamponya.

Hata hivyo, yako masimulizi katika kitabu cha kwanza cha Augustino ambayo kila polisi angepaswa kuyajua. Palikuwa na askofu wa mji wa Thagaste, mji aliozaliwa Augustino mwenyewe, jina lake Firmus. Mtu mmoja aliyekuwa akitafutwa na serikali alikimbilia kwake, naye akamficha. Wakaja watumishi wa mfalme mkuu wa Roma, wakauliza aliko. Firmus hakusema "simjui", wala hakusema "ameelekea mtoni". Aliwaambia kwamba hawezi kusema uongo na hawezi kumtoa mtu. Wakamtesa sana asibadilishe neno. Mwishowe akapelekwa mbele ya mfalme, ambaye hakuwa Mkristo, na mfalme akamstaajabia hata akamsamehe yule aliyefichwa.

Twaona hapa kwamba mlango wa padre wetu una njia ya tatu, ambayo yule mwenzetu mwepesi wa maneno hakuiona: kusimama mlangoni, kukiri kwamba unajua, na kukataa kusema. Ila njia hiyo ina bei yake, na bei hulipwa kwa mwili wa anayekataa. Tena si kila mwenye panga ana moyo wa mfalme yule. Aghalabu atakusukuma kando na kuingia.

Karne nane baada ya hapo, Tomaso wa Akwino aliuliza swali ambalo kila kamanda wa platuni angependa kulijibu: je, ni halali kumvizia adui vitani? Alijibu kwamba kuna namna mbili za kumpotosha adui. Namna ya kwanza ni kumwambia uongo au kuvunja ahadi tuliyompa, na hiyo ni haramu daima, kwa kuwa hata baina ya maadui kuna haki na maagano. Namna ya pili ni kutomfunulia nia yetu, na hiyo ni halali, maana hakuna aliyelazimishwa kusema yote anayoyajua. Askari aliyejifunika majani hajasema uongo. Amenyamaza tu kwa mwili mzima.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya watawa peke yao. Mwaka 1977 mataifa yalipotia saini Itifaki ya Kwanza ya nyongeza kwenye Mikataba ya Geneva, ibara ya 37 ilichora mstari unaofanana sana na huo. Hila za vita zinaruhusiwa: kujificha, mitego, mienendo ya kumhadaa adui. Hiana imekatazwa: kuinua bendera nyeupe ili adui asogee apigwe risasi, kujifanya majeruhi, kujifanya raia. Lakini sheria hiyo imempita Tomaso hatua moja, kwani inaruhusu kumpelekea adui habari za uongo, jambo ambalo mzee yule asingelitia saini.

Sasa tuje karibu na wakati wetu. Mwaka 1966 kasisi mmoja Mwanglikana wa Marekani, Joseph Fletcher, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha theolojia katika mji wa Cambridge, Massachusetts, alichapisha kitabu kilichozua ghasia kubwa makanisani. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa. Wako watu wa sheria, alisema, ambao hufuata kanuni hata ikiua. Wako wasio na sheria kabisa, ambao hufuata upepo. Katikati yao iko njia ya tatu: kuingia katika kila hali ukiwa na amri moja tu isiyobadilika, nayo ni upendo, na kanuni nyingine zote ziwe taa za kukumulikia, zisiwe minyororo. Mfano wake uliovuma kuliko yote ni wa mama mmoja wa Kijerumani aliyefungwa katika kambi ya Warusi huko Ukraine baada ya vita. Kambi iliwafungua wagonjwa mahututi na wanawake wajawazito tu. Mama huyo alimwomba mlinzi mmoja amtie mimba, akaachiliwa, akarudi kwa mumewe na watoto wake, nao wakampokea yeye na kichanga. Je, alizini au aliokoa nyumba yake?

Kanisa Katoliki lilikuwa limekwisha kusikia sauti za namna hiyo kabla ya Fletcher. Papa Pius XII aliyakemea maadili hayo ya kufuata hali mwaka 1952, na mwaka 1956 ofisi yake ya mafundisho ikapiga marufuku yasifundishwe. Papa Yohane Paulo II alilirudia jambo hilo kwa urefu katika waraka wake wa tarehe 6 Agosti 1993, akasisitiza kwamba yako matendo ambayo ni maovu kwa asili yake, na kwamba hakuna nia wala hali inayoweza kuyageuza kuwa mema. Fletcher mwenyewe baadaye aliiacha imani ya Kikristo, akafariki mwaka 1991. Wapinzani wake hupenda kulitaja hilo. Sisi hatulitumii kuwa hoja, kwa kuwa mtu anaweza kupotea njia na bado alama alizoziweka nyuma zikawa za kweli.

Udhaifu wa hoja yake tunauona mahali pengine, na twarudi tena Algeria, nchi ile ile ya Augustino na Firmus, kwa kuwa huko maaskari waliijaribu si kwa wino bali kwa umeme na maji.

Mwaka 1957 divisheni ya 10 ya maparachuti wa Ufaransa, chini ya Jenerali Massu, ilipewa madaraka ya polisi katika mji wa Algiers. Wapigania uhuru walikuwa wakitega mabomu katika mikahawa, na raia walikuwa wakifa. Jeshi likaamua kuwatesa watuhumiwa ili wataje mabomu yaliko. Padre wa divisheni hiyo, Louis Delarue, alitoa waraka kwa askari akiwaambia, kwa maneno yake, kwamba kati ya maovu mawili, yaani kumtia uchungu mhalifu kwa muda au kuwaacha wasio na hatia wachinjwe, yawapasa kuchagua lililo dogo. Hilo ndilo "heri nusu shari" lililovaa joho la kanisa. Na tuangalie kwa makini: padre huyo hakuwa amesoma Fletcher, wala hakusema kwamba ameacha sheria ya Mungu. Alidhani anawapenda wale waliokaa mikahawani. Upendo ndio uliompeleka chumba cha mateso, na hakuna kanuni iliyosimama mlangoni kumwambia arudi.

Mji ule ule ulikuwa na Wakristo wengine. Askofu mkuu wa Algiers, Duval, aliyalaani mateso hayo. Jenerali Jacques de Bollardière, aliyepigana na Wanazi tangu mwaka 1940 hadi ushindi, aliomba avuliwe ukamanda wake badala ya kuyatekeleza, na alipoandika barua gazetini alipewa adhabu ya siku 60 za kifungo ngomeni. Naye Paul Teitgen, katibu mkuu wa polisi, Mkatoliki aliyeteswa na Wajerumani wakati wa vita na kupelekwa kambi ya Dachau, aliandika barua ya kujiuzulu mwezi Machi 1957, akieleza kwamba katika miili ya mahabusu alizitambua alama zile zile alizopigwa yeye mwenyewe.

Kisa cha Teitgen kina jambo moja ambalo tungependa kila ofisa wa upelelezi akae nalo peke yake kwa dakika chache. Mwezi Novemba 1956 alikamatwa mtu aliyetega bomu katika kiwanda cha gesi, na ikafahamika kwamba lipo bomu la pili lisilojulikana liliko. Wakubwa wa polisi walimwendea Teitgen wakitaka ruhusa ya kumtesa. Kama gesi ingelipuka, mtaa mzima ungekwenda nayo. Teitgen alikataa. Baadaye alimsimulia mwandishi mmoja wa historia kwamba alitetemeka mchana kutwa. Bomu halikulipuka.

Vitabu vingi huishia hapo, kana kwamba kutolipuka kwa bomu kulithibitisha kwamba Teitgen alikuwa na haki. Sisi hatukubali. Lau lingelipuka, je, angekuwa na makosa? Ikiwa jibu ni ndiyo, basi hakuwa na kanuni yoyote, alikuwa na bahati tu. Alichokishikilia kilikuwa kweli hata katika saa zile za kutetemeka, ambapo hakujua mwisho wake. Tena iko habari ya uchungu zaidi: mtuhumiwa yule aliteswa vivyo hivyo na polisi wa chini, nyuma ya mgongo wa mkubwa wao. Kukataa kwa mkuu hakumfiki koplo aliye chumbani iwapo koplo mwenyewe hana cha kumzuia.

Jenerali Massu alipokuwa mzee sana, mwaka 2000, alikiri hadharani kwamba mateso yale hayakuwa ya lazima na kwamba ingewezekana kufanya kazi bila hayo. Kwa upande wa sheria, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa tarehe 10 Desemba 1984 umesema kwamba hakuna hali yoyote ile, iwe vita au hatari ya vita, inayoweza kuhalalisha mateso, na kwamba amri ya mkubwa si kinga. Hapa Uganda sheria ya mwaka 2012 imefuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo katika jambo hili moja sheria za dunia zimekaa upande wa Augustino, si upande wa Fletcher.

Je, basi uongo nao uwekwe katika fungu hilo? Hapa ndipo tunapompa nafasi Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani. Alipokuwa gerezani mwaka 1943, alianza kuandika juu ya maana ya kusema kweli, akatoa mfano wa mtoto anayeulizwa na mwalimu mbele ya darasa zima kama ni kweli baba yake hurudi nyumbani amelewa. Ni kweli, lakini mtoto anajibu kwamba si kweli. Bonhoeffer alisema kosa ni la mwalimu, aliyeuliza asichokuwa na haki ya kukiuliza mahali pale, na kwamba katika jibu la mtoto yule mna ukweli mwingi kuliko kama angemsaliti baba yake.

Mtu atasema, huyo naye ni mfuasi wa hali. Sivyo hasa. Bonhoeffer aliingia katika njama ya maofisa waliotaka kumwangamiza Hitler, wakati amri ya kutoua ilikuwa ingali mbele ya macho yake. Hakusema kwamba amri hiyo imelegea kwa sababu ya hali. Alifundisha kwamba mtu aweza kufika mahali ambapo hana njia ya kutoka akiwa safi, na hapo hana budi kutenda, kisha auchukue mzigo wa hatia mwenyewe mbele ya Mungu bila kuuita haki. Alinyongwa katika kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Mwenzake Helmuth von Moltke, Mkristo kama yeye na adui wa Hitler kama yeye, alikataa mauaji hayo kwa sababu ya imani yake. Naye alinyongwa, tarehe 23 Januari 1945. Aliyewanyonga hakutofautisha theolojia zao.

Tukirudi langoni kwetu, tumejipima kwa vipimo vyote hivi. Fletcher angetuachilia huru mara moja: tulimpa mama siku tisa za amani. Tunaogopa wepesi wa hukumu hiyo, kwa kuwa hatukumuuliza mama kama alizitaka. Augustino angetuhukumu bila kusita. Tomaso angetuuliza kwa nini hatukunyamaza, na hapo ndipo tunapobanwa, kwa maana tungeweza kusema, "Mama, sina ruhusa ya kuzungumza." Hatukusema hivyo kwa sababu tulijua angeelewa mara moja, na machozi yake yangetumwagikia sisi, pale pale langoni, mbele ya walinzi. Kwa hiyo huruma yetu ilikuwa na sehemu yake ya woga. Hata ile sheria ya mwaka 1977 haitusaidii. Inaruhusu kumdanganya adui, na mama aliyesimama pale hakuwa adui.

Baada ya mazishi tulimwandikia kamanda wetu kupendekeza kwamba familia zipashwe habari na ofisa anayekwenda kwa miguu yake, ndani ya siku moja, kabla ya barua yoyote. Siku hizi, habari ya namna hiyo inapotupata, hatungoji mtu aje langoni. Tunavaa sare kamili, tunamchukua padre au shehe kwa kadiri ya dini ya marehemu, na tunakwenda. Mama yule tungali tunakutana naye sokoni mara kwa mara. Hutusalimu kwa heshima, hutuuliza hali ya watoto wetu, nasi humjibu. Juu ya jambo lolote la jeshi hajatuuliza tena.